Fumbo Lisilo Kitendawili: Usomaji wa Tom Bombadil katika Mashairi ya J.R.R. Tolkien

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa wahusika wa ushairi wa kifantasia wapo ambao msomaji huwaona kwa uwazi mkubwa, akajua rangi ya mavazi yao na mahali wanapolala, na hata hivyo asiweze kusema ni viumbe wa jinsi gani. Tom Bombadil, mhusika wa J.R.R. Tolkien (1892–1973), ni wa kundi hilo. Ana koti la buluu na viatu vya manjano, ana ndevu ndefu na kofia yenye unyoya, na mkewe, Goldberry, ni binti wa mwanamke wa mtoni. Huimba karibu kila anapofumbua kinywa. Haya yote matini huyasema bila kificho. Lisilosemwa ni jibu la swali ambalo wasomaji wamelirudia tangu mwaka 1954, riwaya The Lord of the Rings ilipoanza kutoka: Tom ni nini?

Makala haya yanadai kwamba swali hilo linamwendea mhusika kwa njia isiyomfikia, na kwamba msomaji wa Kiswahili ana nyenzo nzuri za kuonyesha sababu. Kwanza, mapokeo yake ya fasihi hutenga kitendawili na fumbo. Pili, sarufi yake humlazimisha kuchagua pale ambapo Kiingereza huacha jambo likining'inia. Msingi wa hoja utakuwa mashairi yenyewe, yaani lile la 1934, lile lililoongezwa mwaka 1962, na lile dogo la 1965 ambalo wahakiki wengi hulipita. Riwaya itaingizwa pale inapobidi tu, kwa kuwa mjadala mwingi umemsoma Tom wa riwaya na kumsahau Tom wa shairi, ilhali huyu wa shairi ndiye aliyetangulia.

2.0 Historia ya Matini

Tom hakuzaliwa ndani ya Middle-earth. Humphrey Carpenter, katika wasifu wa Tolkien alioutoa mwaka 1977, anaeleza kwamba jina hilo lilikuwa la mwanasesere wa mbao wa mmoja wa watoto wa mwandishi, aliyekuwa na unyoya katika kofia yake na ambaye siku moja alitumbukizwa chooni na ndugu wa mwenye mwanasesere, kisha akaokolewa. Shairi la kwanza, The Adventures of Tom Bombadil, lilitoka katika jarida la Oxford Magazine mwezi Februari 1934. Wakati huo The Hobbit ilikuwa bado kuchapishwa, na The Lord of the Rings haikuwapo hata kwa wazo. Mwezi Desemba 1937, mchapishaji alipotaka hadithi nyingine, Tolkien aliuliza kama Tom angeweza kufanywa shujaa wa hadithi, akimweleza kuwa ni roho ya mashamba na vijiji vya Oxford na Berkshire vilivyokuwa vikitoweka.

Neno hilo, roho, linahitaji uangalifu kwa mfasiri. Mtu anaweza kushawishika kuandika mzimu, kwa kuwa mzimu hufungamana na mahali. Lakini mzimu hutaka tambiko, na anayepita bila heshima huadhibiwa. Tom hadai chochote kwa anayepita, na wala hana habari kama amepewa heshima au hakupewa.

Mwaka 1962 ndipo ilipotoka diwani ya mashairi 16 yenye jina la shairi lile la kwanza, ikiwa na michoro ya Pauline Baynes. Chanzo chake kilikuwa ombi la shangazi wa mwandishi, yaani mama yake mdogo Jane Neave, aliyetamani kijitabu kidogo kuhusu Tom. Kwa ajili ya diwani hiyo Tolkien alilirekebisha shairi la 1934 na kuongeza la pili, Bombadil Goes Boating. Rekebisho moja ni la manufaa makubwa kwa mhakiki. Katika toleo la 1934 kofia ya Tom ina unyoya wa tausi. Katika toleo la 1962 unyoya ni wa batamaji mweupe, na katika shairi la pili Tom anapata unyoya wa buluu wa mdiria, ambao ndio aliouvaa katika riwaya. Tausi hakufaa katika ulimwengu uliokwisha kujengwa, akaondolewa. Hapa mwandishi anaonekana akifanya kazi ya fundi anayekitia kiungo cha zamani katika jengo jipya: ananyoosha pembe, anapaka rangi, lakini kiungo chenyewe hakibadili.

Kadhalika diwani hiyo ina dibaji ya kubuni. Mwandishi anajifanya mhariri wa hati za kale za wahobiti, na anasema mashairi ya Tom yalitungwa na watu wa Buckland, majirani wa msitu anamoishi. Anaongeza kwamba watu hao hawakumwelewa sana, walimwona mwema na wa kuchekesha, na yamkini jina Bombadil walimpa wao juu ya majina yake mengine ya kale zaidi. Dibaji hii aghalabu husomwa kama mzaha wa profesa. Ni zaidi ya mzaha, kwa kuwa inayaweka mashairi katika hali ya fasihi simulizi: msimulizi si mjuzi wa yote, ni jamii inayomwimba jirani iliyemwona mtoni na sokoni ikamwacha aende zake. Anayetafuta katika mashairi hayo tamko la mwisho kuhusu asili ya Tom anawauliza watu wa Buckland jambo ambalo hawakujisumbua nalo.

3.0 Wateguaji

Kitendawili cha Kiswahili kina masharti yake. Mtegaji hutega, hadhira hujaribu, na ikishindwa hutakiwa kutoa mji. Mtegaji akiisha kupewa mji hulazimika kutoa jibu. Asipokuwa na jibu amedanganya. Kwa hiyo kitendawili ni mkataba, na jibu lipo mfukoni mwa anayetega tangu mwanzo.

Wahakiki wa Tom wamekuwa wakipeana miji kwa muda mrefu. Wapo waliosema ni Mungu mwenyewe, kwa kutegemea jibu la Goldberry litakalojadiliwa hapa chini. Robert Foster, katika kamusi yake ya ulimwengu wa Tolkien, alimdhania kuwa mmoja wa Maiar, yaani roho wa daraja ya pili. Gene Hargrove, katika makala aliyoyachapisha katika jarida la Mythlore mwaka 1986, alidai kwa hoja nyingi kwamba Tom ni Aulë, mmoja wa Valar, na Goldberry ni mkewe Yavanna. T.A. Shippey, katika kitabu chake cha 1982, alielekea upande mwingine na kumwona kama kiumbe wa pekee, asiye na wenzake, aliyechipuka kutoka katika ardhi yenyewe.

Rai ya Shippey ndiyo iliyo karibu zaidi na mashairi. Rai za Foster na Hargrove zina kasoro moja ya kihistoria. Umma haukuwa na orodha kamili ya Valar na Maiar kabla ya The Silmarillion kuchapishwa mwaka 1977. Kwa hiyo mhusika wa shairi la 1934 anapangwa katika madaraja ambayo shairi hilo halikuyataja wala halikuyahitaji. Ni kweli kwamba Tolkien mwenyewe alikuwa na madaraja hayo katika miswada yake tangu zamani. Lakini hoja hiyo inaelekea upande wa pili: kama alikuwa nayo tayari, na akaacha kumpanga Tom humo kwa takriban miaka 40, kutompanga ni uamuzi.

Na uamuzi huo aliutamka. Katika barua kwa Naomi Mitchison ya Aprili 1954 alisema kwamba hata zama za visasili hazina budi kuwa na mafumbo, na kwamba Tom ni mojawapo kwa makusudi. Katika rasimu ya barua kwa Peter Hastings, iliyoandikwa Septemba mwaka huohuo na isiyotumwa, alisema Tom hahitaji kufalsafiwa na wala haboreki kwa kufalsafiwa.

Hata hivyo, kusema ni fumbo hakutoshi, kwa kuwa fumbo nalo lina aina zake. Katika utendi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo akiwa kifungoni anampa kijakazi Saada maneno ya kumpelekea mama yake. Walinzi wanayasikia wasiyaelewe; mama anayaelewa, anaoka mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Fumbo la Liyongo lina siri, na siri hiyo ina mlengwa. Lisipofumbuliwa mtu atakufa. Fumbo la Tom ni la namna tofauti: hakuna mlengwa aliyejificha mwenye ufunguo, na hakuna tupa ndani ya mkate. Kinachofumbwa kimewekwa mezani, na kila aliyepo anakiona.

4.0 Umbo la Shairi la 1934

Iwapo mhusika ameumbwa na shairi, basi umbo la shairi ni ushahidi wa kwanza juu yake. Shairi la 1934 ni mfululizo wa matukio manne. Goldberry anamvuta Tom ndevu na kumtumbukiza mtoni. Old Man Willow, mti mkongwe wa kando ya maji, unamnasa katika ufa wa shina lake. Nyegere wa Ulaya na jamaa zake wanamburura shimoni mwao. Usiku, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mzuka wa makaburini anamsubiri nyuma ya mlango. Katika kila tukio Tom ananaswa kwanza, kisha anasema, na akisema anaachiliwa. Anachosema hakibadiliki sana: kila mmoja anaambiwa arudi mahali pake akalale.

Mambo matatu yanajitokeza katika mpangilio huu. La kwanza ni kwamba Tom si mwenye kuona mbali. Ananaswa mara nne kwa siku moja, na mara zote kwa uzembe. Kiumbe mjuzi wa yote hanaswi na mti aliokwenda kuuegemea. La pili ni kwamba hapigani. Hana silaha, hatoi laana, na hamuui yeyote. Usiku wa harusi yake, mwishoni mwa shairi, mti unagonga dirishani, mama wa mtoni anasikitika mateteni, na mzuka analia kilimani. Wote wapo, na wote wana kinyongo. Ushindi wa Tom hauondoi kitu ulimwenguni. Unakirudisha kitu kitandani pake tu.

La tatu ndilo lenye uzito. Nguvu ya Tom yote imo katika kauli, na kauli yake imo katika mizani. Mishororo ya shairi huenda miwili miwili kwa kina kimoja cha mwisho, na kila mshororo hukatika katikati, kama ukwapi na utao. Vina vyake karibu vyote huangukia silabi isiyo na mkazo, jambo lisilo la kawaida katika Kiingereza na ambalo huupa utungo mwendo wa kurukaruka. Sikio la Kiswahili halitaushangaa mwendo huo, kwa kuwa neno la Kiswahili huwekewa mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na kila kina chetu huangukia silabi ya mwisho, isiyo na mkazo. Tolkien alipompeleka Tom katika riwaya alimpeleka na mizani yake. Maneno yake yamechapwa kama nathari, lakini mtu akiyasoma kwa sauti atasikia shairi likiendelea chini ya nathari. Tom ni kiumbe wa utungo aliyeingia katika nchi ya nathari bila kuvua mavazi yake. Hilo laeleza ugeni wake kuliko nasaba yoyote ya kimiungu.

5.0 Jibu la Goldberry na Sarufi Yake

Katika riwaya, Frodo anamwuliza Goldberry Tom ni nani. Jibu lake la kwanza ni fupi mno: kiwakilishi cha nafsi ya tatu na kitenzi cha kuwa, basi. Baadaye anafafanua kwamba Tom ni kama walivyomwona. Wasomaji wengi walikamata sehemu ya kwanza, wakasikia mwangwi wa jina ambalo Mungu alijitambulisha nalo kwa Musa, na Hastings alikuwa mmoja wa waliotaka maelezo. Tolkien alijibu, katika rasimu iliyotajwa, kwamba Frodo hakuuliza Tom ni nini. Aliuliza ni nani, na kwamba watu huyachanganya maswali hayo mawili.

Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuyachanganya, maana nani na nini hutengwa na msamiati na tena na ngeli. Lakini tatizo lake kubwa ni jibu. Kitenzi kishirikishi ni hakisimami peke yake mwisho wa sentensi ya namna hiyo. Msikilizaji atangoja kijalizo. Akiandika yupo ataingiza mahali na kuwako, na hapo ndipo theolojia hupenya, kwa kuwa Yupo ni neno ambalo wacha Mungu hulitumia kwa uzito. Akiandika ndiye atasema jambo jingine kabisa: huyu mnayemtaja ni huyuhuyu, hakuna mwingine nyuma yake. Ufafanuzi anaoutoa Goldberry unaafikiana na ndiye, nao unaibatilisha yupo. Kwa Kiingereza utata unaweza kuhifadhiwa, na mabishano ya miaka mingi yamejengwa juu yake. Kwa Kiswahili mfasiri hulazimika kuamua, na akiisoma sentensi inayofuata atakuwa na njia moja tu ya haki.

Swali la pili la Frodo ni kama nchi ile ni mali ya Tom. Goldberry anakana. Kumiliki, asema, kungekuwa mzigo. Miti na nyasi na viumbe vyote ni vyao wenyewe. Tom ni bwana. Hapa Kiswahili kina hazina isiyo na mfano katika Kiingereza, kwa kuwa mwenyewe ni mmiliki na ni nafsi kwa neno moja. Mti ni mwenyewe: unajimiliki kwa sababu ni nafsi yake. Bwana, kwa upande wake, lina utata wa kusumbua: ni mtawala, ni mwajiri, ni mume. Maana ya kwanza na ya pili zinakanushwa na muktadha. Ya tatu haikanushwi.

Jambo hilo linafichua mgongano ambao wafuasi wa barua za Tolkien hawapendi kuutazama. Katika barua ya Aprili 1954 mwandishi alimweleza Tom kama mfano wa mtu aliyeacha tamaa ya kutawala na kufurahia vitu kwa ajili ya vitu vyenyewe. Maelezo haya yanamfaa Tom wa riwaya, anayeichezea Pete kama kipande cha bati na kuirudisha. Hayamfai kikamilifu Tom wa 1934. Yule, baada ya matukio manne, anakwenda mtoni, anamkamata Goldberry, anamshika asitoroke, na kumpeleka nyumbani huku mama yake akiachwa kwenye kina chake. Ni mila ya ngano, na watani watasema ni deni la ndevu. Lakini ni kukamata. Mhakiki mwaminifu hana budi kukiri kwamba falsafa ya kutomiliki ilimjia Tom baadaye, kwa kulinganishwa na Pete, na kwamba shairi lina mshiko mmoja ambao falsafa hiyo haikuufungua.

Barua ileile ina jambo jingine linaloachwa na wanaoinukuu kwa ajili ya kumsifu Tom peke yake. Tolkien aliongeza kwamba msimamo wa Tom hauwezi kudumu bila ushindi wa upande wa Magharibi. Katika ulimwengu wa Sauron hakuna kitu ambacho kingebaki kwake. Baraza la Elrond katika riwaya linafikia hukumu hiyohiyo: Tom angeanguka wa mwisho, lakini angeanguka, na akipewa Pete ailinde angeisahau. Kwa hiyo uhuru wake unalipiwa na wengine wanaokufa mbali na bonde lake. Anayemsoma kama kielelezo cha maisha bora anapaswa kuieleza bei hiyo.

6.0 Utani wa Mtoni

Shairi la 1962, Bombadil Goes Boating, halijapewa haki yake kwa kuwa halina tukio kubwa. Tom anateremka mto kwa mashua kwenda kumtembelea Farmer Maggot. Njiani anakutana na mdiria, fisi-maji, batamaji, na hatimaye wahobiti wanaopiga mishale kofia yake. Kila anayekutana naye anamkebehi, naye anarudisha. Fisi-maji anatishiwa kwamba ngozi yake itapewa wazuka wa makaburini. Hakuna anayekasirika kwa dhati, na jioni kuna pombe, ngoma na habari za kubadilishana.

Uhusiano huo Waafrika wa Mashariki wanaujua kwa jina. Ni utani, na utani una sheria: mtu humtania aliye rika au jamii inayomstahili, na anayetaniwa huwa na haki ya kujibu kwa kiwango kilekile. Mungu hatanïwi na fisi-maji, na Aulë hapigwi mshale wa kofia. Hoja hii ina nguvu kuliko barua, kwa sababu inatoka ndani ya shairi. Wakazi wa mto wanamchukulia Tom kama mtani, yaani mmoja wao, hata kama ni mkongwe kuliko wote. Katika shairi la kwanza aliwaamrisha walalao. Katika la pili anazungumza na walio macho, na kwa hao hana amri, ana maneno ya kejeli tu, nao wanayo.

Lililobaki ni shairi la tatu, Once upon a Time, lililochapishwa mwaka 1965. Ni dogo, halina safari wala hatari. Tom anakaa nje katika majira ya maua, na nyasini kuna viumbe vidogo vinavyoitwa lintips, jina lisilopatikana kwingine katika kazi za mwandishi huyo. Tom, ambaye miti na mizuka humtii na ndege humjibu, anavisemesha. Havisemi. Analalamika kwamba ni hivi tu, kati ya vyote, visivyozungumza naye wala kumwambia ni nini na vinafanya nini. Swali ambalo wasomaji walikuwa wamemwuliza yeye kwa zaidi ya miaka 10 analiuliza sasa kwa kinywa chake. Hapewi jibu, na shairi halimpi msomaji kile ambacho Tom amenyimwa.